Sumaku ya Tatu

Baba alifika shuleni Garissa jua likiwa utosini. Alishuka kwenye lori la mbuzi lililotoka Griftu, na lori hilohilo lingeturudisha wote wawili baada ya Alasiri. Ndiyo, wote wawili, maana alikuja kunichukua. Maji ya kisima yalikuwa yameshuka chini sana, mama alihitaji mikono, na mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nilikasirika hata salamu yangu ikatoka nusu.

"Aabo, funga sanduku," akaniambia. Kwetu Aabo ni baba, na baba humwita mwanawe vilevile mwana anavyomwita yeye.

Nikamsihi aone kitu kimoja tu kwanza, nikamvuta hadi maabara. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwemo, mtu wa Kakamega asiyejua Kisomali, kwa hiyo baba akaongea Kiswahili kwa heshima yake, Kiswahili chake ambacho kila p hutoka b.

Mezani nilikuwa na sumaku tatu za mviringo nilizozing'oa kwenye spika za redio mbovu, kila moja nimeipaka chaki upande wa ncha yake ya kaskazini. Nikaweka mbili kando kwa kando, moja chaki juu, nyingine chaki chini. Tap! Zikanasana, zikatulia. Nikageuza zote chaki juu, zikakimbiana. Nikazirudisha kama mwanzo, zikanasana tena.

"Kama ngamia dume sokoni," baba akasema. "Huyu anaangalia huku, huyu kule. Hawabigani."

"Haya, Aabo, mweke wa tatu awe jirani wa wote wawili."

Akaiweka chaki juu, ikasukumwa na mwenzake wa chaki juu. Akaigeuza, ikasukumwa na yule mwingine. Akaibana kwa kidole, akaiachia, ikateleza hadi mwisho wa mstari. Hapo baba akakunja kikoi, akaketi sakafuni na sumaku zangu, akaanza upya.

"Wallahi, huyu hana bahali!"

Moyo wangu ulikuwa unaruka kama mwanambuzi. Mwalimu akamweleza kwamba yako mawe ambayo ndani yake chembe zisizoonekana ni sumaku, zimepangwa pembetatu kwa pembetatu. Hata ukiyapoza kwa baridi kali kabisa, baadhi ya chembe hizo hazikubaliani.

"Na huyu tatu mwishowe anaangalia wabi?"

"Mzee, hakuna anayejua. Hata mabingwa wa ng'ambo bado wanabishana."

Lori likapiga honi. "Ngoja!" baba akafoka dirishani, akarudi sakafuni. Likapiga tena, kisha tukaona vumbi tu. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajiuma mdomo.

Alilala kwa binamu yake mjini. Asubuhi alikuja kuniaga, lori lingine likimngoja langoni, na sanduku langu alilipita kama hakuliona.

"Aabo, kaa hapa usome," akasema. "Siku ukijua yule wa tatu anaangalia wapi, ndiyo urudi nyumbani."

Safari hii alisema kwa Kisomali, ili nisikie vizuri. Na jibu la mwalimu alikuwa amelisikia, neno kwa neno.