Salamu za Amony

Kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani yake, Amony huchukua jerikeni tupu na kwenda bombani, na njiani husalimia kila mlango wa mstari wao wa vyumba vya kupanga.

"Jambo, Mama Vera."

Ndani, redio inapunguzwa sauti.

"Jambo, Abudu. Mguu unaendeleaje?"

Abudu, aliyeanguka na bodaboda, amekaa kizingitini na plasta yake nyeupe. Anautazama mguu kana kwamba ndio ulioulizwa.

"Jambo, Mama Hasifa."

Mama Hasifa anamwaga maji ya vyombo, na mengine yanamrukia Amony miguuni. Siku moja bintiye mdogo aliitikia kwa furaha, "Jambo sana, mama!" na kofi alilopata lilisikika hadi bombani. Tangu hapo Amony akimwona mtoto yule mlangoni hutazama pembeni, halafu humsalimia mama yake.

Amony ni mdogo wake mama yangu, nami humwita Mama. Alizaliwa katika kambi ya polisi ya Nsambya, binti wa Sajini Otema, kwenye zile nyumba za mabati za duara zinazooka watu mchana kama mikate. Kambini mtoto anayekwenda bombani husalimia kila mlango anaoupita. Asiyesalimia, jioni baba yake humuuliza ana ugomvi na nani. Watu walitoka Kitgum, Arua, Soroti, Tororo, na lugha za nyumbani hazikufanana, kwa hiyo salamu ilikuwa ya Kiswahili. Mlevi akimpiga mkewe, milango yote ilifunguka. Mtu akigonga, aliye ndani aliuliza "Nani?", na jibu "Ni sisi" likija kwa sauti anayoijua, alifungua bila neno jingine.

Sajini Otema alipostaafu, familia ikaondoka. Amony alitoka kambini akidhani Kampala nzima inaishi hivyo.

Alijifunza ushonaji, akapanga chumba Makindye, akawa akirekebisha sare za askari: kupanua suruali za waliopandishwa vyeo, kubana za waliougua. Alikuwa ameshapita miaka thelathini alipojiunga na kikundi kilichokutana nyuma ya saluni moja Bukoto, Jumapili baada ya ibada. Walijiita makuchu, wanawake wanaopenda wanawake na wanaume wanaopenda wanaume, kwa sababu majina mengine yote waliyokuwa nayo walipewa na watu waliowachukia. Wakati ule kuna gazeti lilikuwa likichapisha picha za watu kama wao pamoja na mitaa wanayoishi. Wengine katika harakati walikwenda mahakamani. Wengine walikwenda kwenye semina za hotelini, wakarudi na mifuko yenye nembo. Watu wa Bukoto walikuwa wakali zaidi. Kulikuwa na kanisa ambako mhubiri alisema watu hao wanyongwe. Walikwenda wakakaa mstari wa mbele, na mahubiri yalipoanza wakasimama wote na kumgeuzia migongo. Walitolewa kwa mateke. Amony alipoteza jino, na mpaka leo akicheka hufunika mdomo.

Lakini jambo lililokuwa kali kuliko yote lilikuwa wazo lake mwenyewe.

"Kila mmoja amwambie jirani mmoja," alisema Jumapili moja. "Mmoja tu. Yule mnayeazimana chumvi."

"Mama, unataka tufe?" aliuliza Rukiah, mwenye saluni.

"Anayepigwa ni mgeni. Mtu mwenye jina hapigwi. Wakikujua wewe ni nani, nani atainua jiwe?"

"Wewe ni mtoto wa kambi," Rukiah alisema. "Sisi wengine tulizaliwa Uganda."

Wakacheka sana. Lakini Okeny hakucheka. Alikuwa kijana mchomeleaji, mtoto wa mwanajeshi, mtengenezaji wa mageti na milango ya chuma. Chumba chake kilikuwa bondeni chini ya Nsambya, na mlango wake mwenyewe aliutengeneza kwa bamba zito, na komeo la ndani nene kama mkono wa mtoto. "Mimi nitaanza," alisema. "Nimechoka kulala kama niko benki."

Akamwambia Wandera, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye walitazama mpira pamoja.

"Mimi nilijua zamani," Wandera alimjibu. "Mwanamume mzima hashangilii Arsenal. Leta chai."

Okeny aliisimulia chai hiyo Bukoto mpaka wenzake wakaijua sukari yake. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Amony naye akamwambia Mama Vera, wa mlango wa pili, aliyekuja kupimwa gauni.

"Bambi, maskini wewe," Mama Vera alisema, akiwa ameinua mikono ili futi ya kitambaa ipite. "Mungu ndiye anajua." Halafu akauliza kama pindo linaweza kushuka kidogo.

Kwa miezi mingi ilionekana kwamba Amony alikuwa sahihi.

Mwaka 2014 sheria ya kwanza ya kuwafunga makuchu iliposainiwa, watu walishangilia mitaani kama timu ya taifa imeshinda. Jumamosi asubuhi, siku chache baadaye, watu walijazana mbele ya chumba cha Okeny. Mwanamke wa genge la nyanya lililotazamana na mlango huo ndiye aliyemsimulia Amony. Kwanza walipiga teke, mlango haukutikisika. Wakajaribu mtaimbo, mtaimbo ukapinda. Baadhi wakaanza kuondoka. Ndipo Wandera akasogea, akagonga kwa vidole, taratibu.

"Okeny, fungua. Ni sisi."

Okeny akafungua.

Walimpiga kwa vyuma vya kazi yake mwenyewe. Mwanamke yule alisema kilichomshangaza ni kwamba waliendelea kumwita jina. "Okeny, lala chini. Okeny, usitusumbue." Kama watu wanaomvisha mgonjwa shati. Alifia hospitalini kabla ya jua kutua.

Mama yake alikuja kumchukua ampeleke Kitgum. Watu wa Bukoto walisimama kwenye ua wa mochwari, wameshikana mikono. Mama yule, mjane wa mwanajeshi, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mwanangu alikuwa mtu wa siri," alisema. "Nani alimfundisha kusema?"

Wengine waliinamisha vichwa. Amony akasema, "Ni mimi, mama."

Alidhani atapigwa, na nadhani alitaka kupigwa. Mama Okeny alimsogelea, akamshika kidevu kama anayetafuta ugonjwa machoni mwake.

"Basi uishi," alimwambia. "Uishi sana. Uzeeke. Meno yakutoke yote, na wewe bado upo."

Kikundi hakikukutana tena. Rukiah alifunga saluni, akahamia kwa dada yake. Neno lake la mwisho kwa Amony lilikuwa: "Ulituambia mwenye jina hapigwi." Mimi sijapata kumsikia Amony akijitetea.

Alibaki Makindye na cherehani yake, na asubuhi akaendelea kusalimia milango, na milango ikaitikia. Mama Vera aliitunza siri yake miaka yote hiyo. Vera aliingia shule, akarefuka, akamaliza, na kila sare aliyovaa aliishona Amony. Mtu akiuliza kwa nini fundi huyu hana mume, Mama Vera alijibu kwa ukali, "Wewe wako amekusaidia nini?"

Halafu mwaka 2023 ikaja sheria nyingine. Redio zikasema mwenye nyumba anayejua na kunyamaza anaweza kufungwa. Mama Vera hakungoja kuulizwa. Alivaa nguo za kanisani, akaenda kwa Hajji Marjan, mwenye vile vyumba, akamwambia.

Kikao kiliitishwa uani. Amony alijua wazi anachokipigania. Mwenye nyumba yeyote Kampala humuuliza mpangaji mpya alitoka wapi, kisha hupiga simu huko. Akifukuzwa kwa neno hilo, hatapata chumba tena, na bila chumba hakuna mahali pa kuweka cherehani. Alihitaji mtu mmoja tu aseme abaki. Hajji mwenyewe alikuwa akitafuta kisingizio cha kumwacha, maana hakupenda ugomvi.

Makokha, mwenyekiti wa mtaa, aliendesha kikao.

"Nani hapa ameibiwa na huyu mama?"

Hakuna.

"Nani ametukanwa?"

"Mimi alinishonea gauni likanibana," alisema Mama Hasifa.

"Gauni halina kosa, nyabo," Abudu akadakia. "Ni wewe umeongezeka."

Watu wakacheka, na Amony akacheka nao, mkono mdomoni. Aliniambia kwamba kwa dakika ile aliona yuko kambini na mambo yamekwisha.

"Mimi sina ubaya naye," alisema Hajji Marjan. "Lakini sheria imesema mwenye nyumba. Mimi mzee, jela ya Luzira siiwezi. Kama iko mtu anamjua vizuri, aseme, tusikie."

Amony akageuka. "Mama Vera, sema wewe. Wewe unanijua."

"Ndiyo, nakujua," Mama Vera alisema. "Ndiyo maana."

Makokha akakohoa. "Anayetaka aondoke, asimame."

Wakasimama. Wanawake walisimama na watoto mgongoni. Vera alisimama, mrefu kuliko mama yake. Abudu alijaribu, plasta ikamshinda, akainua gongo lake juu.

"Mimi pia nimesimama, chairman. Msinisahau."

Wakacheka tena.

Akapewa mpaka mwisho wa mwezi. Kesho yake alipopita na jerikeni hakuna aliyeitikia, na keshokutwa yake vilevile, na hivyo ndivyo siku zake za mwisho Makindye zilivyokwenda: yeye anasalimia, wao wananyamaza. Hakupaza sauti wala hakuipunguza.

Nilimpatia chumba Bukoto kwa jina langu, nikaenda kumchukua na pikapu asubuhi ya mwisho. Nilikuta sketi imetundikwa kwenye kitasa chake. Ilikuwa ya Vera, pindo limefumuka. Hakuna aliyegonga; ilining'inia tu, kama nguo za kurekebishwa zilivyoachwa hapo zamani.

"Usiishone," nilisema.

Alikwisha kaa kwenye cherehani. Alishona pindo, akakata uzi kwa meno, akaipiga pasi sketi ya mtu aliyesimama kumfukuza. Ndipo dereva na mimi tukaibeba cherehani. Yeye aliichukua jerikeni yake, ingawa hakuwa na haja ya maji, akapita mlango kwa mlango. Kwa Mama Vera aliitundika sketi kwenye kitasa.

"Jambo, Mama Vera."

Nilisikia mtu akisogea ndani. Nilisikia kabisa pumzi yake upande wa pili wa mlango. Tulipokuwa tunapanda gari, mlango ulifunguka kiasi cha mkono kupita, sketi ikavutwa ndani, ukafungwa.

Tulikuwa tumeshaipita Nsambya bila yeye kugeuza kichwa, naye ameshikilia jerikeni tupu mapajani. Mimi si msemaji. Sikuwa nimemuuliza lolote tangu asubuhi, na yote niliyoandika hapa aliyasema mwenyewe, siku nyingi, akishona. Sasa nikauliza.

"Mama, na huko Bukoto utawasalimia?"

"Nitawasalimia," alisema. "Mlango sitafungua."