Gari lililochemsha kabla ya mpaka

Gari limechemsha. Limechemsha mahali pabaya, na ndani yake kuna mgonjwa.

Ni asubuhi, Jumamosi baada ya Kanivali. Severino Lupa, dereva wa miaka hamsini na mmoja kutoka Uyuni, anazima injini katikati ya mlima unaopanda kwenye chemchemi za mvuke. Moshi mweupe unatoka pembeni mwa boneti na upepo unaubandika kwenye kioo.

Kwenye kiti cha nyuma amelala Doña Nelfy Justiniano, mwalimu mstaafu kutoka Santa Cruz, kule bondeni kwenye joto. Tangu alfajiri anapumua kama mtu anayekoroma huku yuko macho. Midomo yake imekuwa ya zambarau. Mapafu yanajaa maji. Ni ugonjwa wa milimani, kila dereva wa huku anaujua, na dawa yake ni moja tu: mshushe mgonjwa, tena upesi.

Shida ni kwamba kutoka hapa huwezi kushuka bila kwanza kupanda. Nyuma, njia ya Uyuni imekatwa na mto uliofurika usiku. Mbele kuna kilele, halafu mpaka wa Chile, na ng'ambo ya mpaka barabara ya lami inayoporomoka hadi San Pedro. Basi dogo linaloteremsha wasafiri huko huondoka mpakani saa nne. Likiondoka, hakuna jingine hadi kesho.

Carola, binti wa Doña Nelfy, amepakata chupa ya oksijeni. Mshale umeingia kwenye nyekundu.

"Don Severino, mbona tumesimama?"

"Injini inataka kupumua, binti yangu."

"Hata mama anataka kupumua."

Severino anafungua mlango. Anashuka na spana mkononi.

Upande wa pili anashuka mkewe, Hilaria Copa. Huku ni kawaida mke wa dereva kwenda safari kama mpishi, na Hilaria ameizunguka njia hii na mumewe miaka kumi na sita. Anapika supu ya nafaka ya kinoa, anatandika vitanda, na gari likiharibika anashika tochi.

"Geji ya joto inasemaje?" anauliza.

"Geji ilikufa Desemba. Chumvi iliula waya."

"Nilikwambia ubadilishe."

"Uliniambia na mengine mia."

Adui wa gari huku ni chumvi. Msimu wa mvua uwanja wa chumvi wa Uyuni hufunikwa na maji ya kifundo cha mguu, na wasafiri hulipa ili waone mbingu chini ya miguu yao. Maji hayohayo yakirukia gari hula waya, bolti, hadi chesisi yenyewe. Severino amewahi kuona gari la mwenzake likikatika katikati, mbele likaenda, nyuma likabaki.

Kwa hiyo kabla ya kuingia majini hupuliza oili chafu iliyochanganywa na dizeli chini ya gari lote, kisha huning'iniza turubai mbele ya rejeta. Wakitoka, Hilaria hulitoa turubai, naye Severino huosha gari kwa maji baridi, kuanzia chini kwenda juu. Hali chakula mpaka amemaliza. Kwa safari ya siku tatu wakala wa utalii humlipa boliviano elfu mbili, na humo humo atoe dizeli na chakula cha wageni. Gari likilala siku moja, faida yote imekwenda.

Safari hii ilianza Alhamisi. Turubai lilitolewa kama kawaida. Gari likaoshwa kama kawaida.

Ila Jumanne iliyotangulia, ya Kanivali, ilikuwa siku ya kumshukuru Mama Ardhi, Pachamama. Siku hiyo mtu wa milimani hukimwagia pombe na kukipamba kila kinachomlisha: nyumba, kibanda cha biashara, gari. Landkruza ya Severino ilimwagiwa bia kwenye tairi zote nne, ikarushiwa maua na peremende, ikafungwa tepe za karatasi za rangi mbele yote mpaka taa zikawa zinachungulia. Na kilichokwisha kutolewa sadaka hakibanduliwi. Kinaachwa mpaka upepo ukichukue wenyewe.

Doña Nelfy alipoliona gari asubuhi ile ya kwanza alilizunguka akicheka.

"Hili ni gari au bibi harusi?"

"Bibi harusi wa miaka thelathini, mama," Severino alimjibu. "Ukimheshimu ni mpole."

"Basi twende taratibu. Hata mimi niko hivyohivyo."

Siku mbili alikuwa mchekeshaji wa gari zima. Sasa hasemi kitu.

Severino anaanza kutafuta. Mkanda wa feni umekaza. Mipira ya maji ni mizima. Pampu haivuji. Anafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa na maji yanamrukia mkononi, kutoka kiganja hadi karibu na kiwiko. Anauma meno. Huku juu maji huchemka kabla hayajawa moto kweli, lakini ngozi haijui hilo. Anatoa themostati, ili maji yazunguke bila kizuizi, na kuitupa kando ya njia.

Wanamimina maji ya kunywa. Halafu maji ya kupikia. Halafu chai ya koka iliyokuwa kwenye chupa, na majani yake. Gari linawaka, linapanda kona mbili, linachemsha tena.

Hilaria amesimama mbele ya gari. Anaangalia bila kugusa.

"Severino. Tepe."

"Ziache."

"Karatasi ililowa maji ya chumvi Alhamisi, ikakauka. Imeingia mpaka ndani. Njoo utazame."

"Nimesema ziache. Hizo si zetu tena."

"Kwenye tambarare kule chini hukujua kwa sababu injini haikuhitaji hewa nyingi. Sasa inapanda."

"Hilaria, usinifundishe gari."

"Sikufundishi gari. Nakuonyesha karatasi."

Severino anarudi kwenye mkanda wa feni, ambao alishaukagua. Anaukagua tena. Anakagua mipira. Anafungua bolti ya pampu na kuifunga.

"Nilijua," Severino anasema leo, akiwa amekaa kwenye tairi uani kwake. "Mkono ulikuwa unafungua bolti, lakini kichwa kilishajua. Nilitaka liwe jambo jingine. Baba yangu hakuwahi kubandua, babu hakuwahi. Gari langu limevuka miaka yote hiyo kwa sababu nampa Mama chake. Sasa nimnyang'anye mlimani, nikiwa na mgonjwa ndani?"

Aliendelea hivyo nusu saa.

Kisha mlango wa nyuma unafunguka.

"Mshale umefika sifuri," Carola anasema. Sauti yake haipandi. "Nimemwita, hanijibu."

Severino anavua kofia. Anachukua chupa ya pombe iliyoko chini ya kiti, anamwaga kidogo upande wa kulia wa gari na kidogo upande wa kushoto. Anasema maneno machache ya Kikechua kwa sauti ya chini. Halafu anachomoa kisu.

Tepe zimekuwa ngumu kama plasta. Zinatoka vipande vipande, nyekundu, njano, kijani. Nyuma yake rejeta haionekani. Vijitundu vyake vyote vimezibwa na uji wa karatasi na chumvi uliokauka. Anakwangua kwa kisu, Hilaria anasugua kwa brashi ya masufuria, na maji ya mwisho, ya kunawia uso, yanapita hapo.

Gari linawaka. Lakini ekzosi inatoa moshi mweupe mzito, na injini inarukaruka kama inayokohoa. Severino anaweka mkono mbele ya moshi, anaunusa.

"Gasketi imekwenda," anamwambia mkewe. "Maji yanaingia kwenye silinda."

"Maana yake?"

"Nikizima sasa, inapona. Fundi anabadili gasketi, wiki moja tuko barabarani. Nikiendesha mpaka mpakani, naiua."

Gari hilo lilinunuliwa kwa llama. Hilaria alirithi kundi la baba yake, akauza wanyama thelathini na wawili, na Severino akaongezea alichoweka alipokuwa kibarua wa reli. Nusu yake ni ya mke, tena zaidi ya nusu.

"Ni lako pia," Severino anasema.

Hilaria anatazama kiti cha nyuma.

"Unaniuliza nini sasa? Panda uendeshe."

Wanapita chemchemi za mvuke, ambako wageni hushuka kupiga picha, bila kupunguza mwendo. Kwenye miteremko Severino anazima injini na kuliacha gari lishuke lenyewe, miguu yote miwili juu ya breki ili zishike. Kwenye tambarare anawasha tena. Kila akiwasha, mlio unakuwa mbaya zaidi. Kwanza kokoto kwenye kopo. Baadaye nyundo.

"Mama, tunashuka sasa," Carola anamwambia mama yake sikioni, ingawa wanapanda. "Tunashuka, sikia."

Mwinuko wa mwisho ni mdogo. Juu yake kibanda cha mpaka kinaonekana, na basi dogo limeegeshwa, milango imefungwa, dereva anafuta kioo. Hapo injini inasimama. Hakuna mlio. Usukani unakuwa mzito na gari linaanza kurudi nyuma.

Severino anavuta breki ya mkono. Hilaria ameshashuka. Anafungua shuka lake la kusuka, lile la kubebea mzigo mgongoni, analitandaza chini kwenye changarawe.

"Mguu. Shika mguu, wewe. Carola, kichwa."

Wanambeba kwa pembe za shuka, watatu, pembe ya nne inaburura mpaka askari wa mpaka anakuja mbio na kuishika. Doña Nelfy ni mwanamke mnene. Wanapumzika mara mbili. Dereva wa basi anatupa kitambaa na kufungua mlango.

"Mbele hapa, mbele. Nyie mliobaki sogeeni, muacheni alale."

Basi linaondoka. Severino na Hilaria wanabaki barabarani na shuka.

Doña Nelfy alilala hospitali ng'ambo siku tisa. Yu hai, yuko kwake Santa Cruz. Mwezi uliopita alimtumia Severino salamu za sauti kwenye simu, anacheka, anamsalimia bibi harusi. Katikati ya salamu anasikika akimgeukia binti yake: "Yule bwana anaitwa nani tena?" Carola anamwambia. Baada ya kidogo anauliza tena. Hivyo ndivyo alivyo tangu siku ile oksijeni ilipoisha.

Severino sasa anaendesha gari la mtu mwingine. Lake liko uani, juu ya matofali, boneti wazi. Anataka kulitengeneza kabla ya Kanivali ijayo, na ameshaamua: bia kwenye tairi kama zamani, tepe kwenye vioo vya pembeni na juu ya paa, mbele ya rejeta pabaki wazi. Wenzake wanamtania stendi.

"Severino, siku hizi mkeo ndiye anayelivalisha gari?"

"Hata mimi ananivalisha," anawajibu.

Ukimuuliza safari ile ilimgharimu nini, anahesabu kwa vidole, akianzia mkono wenye kovu. Silinda hedi, imepasuka. Pistoni mbili. Rejeta. Ngozi hii. Msimu wote wa mvua. Llama thelathini na wawili.

Hilaria anamenya viazi mlangoni. Hainui kichwa.

"Na nusu saa," anasema.

Severino anakunja kidole kingine.

"Na nusu saa."