Kidole cha Chura wa Ibra

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa dishdasha mpya, kanzu ya Kiomani, na kofia iliyotarizwa, nikachukua bahasha yenye shahada yangu, nikaenda maabara ya Nizwa, Oman, nikiwa tayari kuulizwa maswali ya kitaalamu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi mzaliwa wa Unguja, miwani yake imefungwa kwa uzi, alinipokea mlangoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akaitazama bahasha, akaitazama dishdasha, kisha akaniuliza kama nina nguo nyingine garini.

"Ndiyo hii tu, ami."

"Basi ipandishe. Tunakwenda Birkat al Mauz kushika vyura."

Mimi nilizaliwa Tabora, nikakulia Bujumbura dukani kwa baba kabla hatujarudi Oman kwa wazee wetu, na chuo kikuu nilisoma elimu ya viumbe kwa bidii yote. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kwamba ukingo wa falaj, mfereji wa kumwagilia mitende, huteleza. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshaanguka majini mbele ya wanawake waliokuwa wakiosha vyombo, na mmoja wao alinirushia kandambili yangu. Tulipokuwa tukirudi, Mkuu aliniambia kwamba Kiswahili changu ni cha bara, Kiarabu changu ni cha redioni, lakini ninaanguka vizuri. Naanguka bila kupiga kelele, siwatishi vyura. Nikahesabu kwamba nimeajiriwa.

Nyinyi vijana mnaofanya kazi hii leo mnafungua kompyuta na chura keshapangwa. Sisi tulimkuta Mkuu na kabati zake. Ndani yake mlikuwa na vyura wa miaka mingi, kila mmoja ndani ya kopo la formalini, ile dawa kali inayozuia mwili usioze. Alikuwa amewapima wote, urefu wa mguu, upana wa kichwa, madoa ya mgongoni, na juu ya vipimo hivyo alijenga imani moja. Vitabu viliwaweka vyura wa mabonde yetu karibu wote katika fungu moja. Yeye alisema wale wa vidimbwi vya juu, mlimani, ni spishi nyingine iliyojificha ndani ya sura ileile. Spishi ni aina kamili ya viumbe, wanaozaana wenyewe kwa wenyewe. Macho hayakutosha kuonyesha tofauti, na Mkuu alitaka aithibitishe kabla ya kustaafu. Hakuficha hilo. Hata akiagiza chai alilitaja.

Ndipo vinasaba vikaingia. Vinasaba ni ule ujumbe uliomo katika kila chembe ya mwili, unaotoka kwa wazazi kwenda kwa mtoto. Spishi mbili zinaweza kufanana kwa ngozi na bado ujumbe wao ukawa mbali kabisa. Tatizo ni kwamba formalini, inayouhifadhi mwili vizuri hivyo, huuharibu ujumbe. Makopo yote ya Mkuu hayakuwa na kitu cha kusomeka. Nilipomweleza, alisema basi amekuwa akitia achari miaka yote hii, tukaanza upya.

Njia mpya ilikuwa hivi. Unamshika chura, unakata ncha ya kidole kimoja cha mguu, ndogo kama punje ya mchele, unaitia katika kichupa cha spiriti safi, unamrudisha chura alipokuwa. Mkuu alikuwa mkali juu ya hilo la mwisho. Alikuwa ameua vya kutosha kwa ajili ya kabati, alisema. Spiriti yenyewe ilikuwa taabu kuipata katika nchi yetu. Bwana stoo alinitazama kila mwezi kama mtu anayetaka kufungua baa Nizwa. Maabara tulikilainisha kidole kwa dawa, tukaizungusha ile supu kwa kasi mpaka ujumbe ukajitenga, tukautia kwenye mashine inayopasha moto na kupoza, nayo ikageuza kipande kimoja kuwa nakala chungu nzima. Nakala zilikwenda chuo kikuu kimoja cha nje kusomwa.

Kipande tulichokisoma wakati huo ni kile ambacho mtoto hukipata kwa mama peke yake. Katika nchi ambayo mtu hutajwa kwa baba, babu na kabila, sisi tulikuwa tukimuuliza chura habari za mamake tu. Mkuu alinisihi nisiwaambie wazee wa Izki.

Tulipanda vidimbwi vya mlimani msimu mzima. Ili kulinganisha, tulihitaji pia chura wa kawaida, yeyote, kutoka mbali na mlima. Kazi hiyo alipewa Nasra, fundi wetu wa maabara, binti wa Ibra aliyekuwa akirudi kwao kila Jumatano kwa mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa. Akarudi na kichupa kimoja.

Majibu yalipokuja, tulikusanyika mbele ya kompyuta. Yalichorwa kama mti wa ukoo: wanaokaribiana hukaa tawi moja, walio mbali hutengana mapema. Vyura wa mlimani, wale wa imani ya Mkuu, walibanana tawi moja na wa Nizwa, wa Izki na wa kwingine kote. Hawakuwa na lolote jipya. Na chini kabisa, limetoka mapema, refu, peke yake, lilikuwako tawi moja. Mwisho wake pameandikwa Ibra.

Mkuu alivua miwani, akaivaa tena.

"Nani kamleta huyu?"

"Mie, ami," Nasra akasema. "Nyuma ya nyumba ya mama, kwenye mfereji."

"Alikuwa vipi?"

"Alikuwa chura."

"Kama wengine?"

"Kama wengine, ami. Uliniambia nilete wa kawaida."

Katika kazi yetu jambo la kwanza kushukiwa ni uchafu: tone la sampuli nyingine, vumbi, kosa la mkono. Tukakata nusu ya kile kidole kilichobaki, tukarudia kila hatua, Nasra akifanya na mimi nikisimama nyuma yake kumkera. Jibu likawa lilelile. Tukarudia kwa nusu nyingine, ili wa nje nao waridhike. Lilelile. Mkuu akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Kidole kilikuwa kimeshaisha, yamebaki maji ya ujumbe wake tu, chini kabisa.

"Kila tukimuuliza swali, anapungua," akasema.

Na huwezi kuitangaza spishi mpya kwa maji ya kichupa. Wataalamu hutaka mwili mzima uhifadhiwe, wautazame, waupime, na wenzake kadhaa pembeni. Sisi mwili tulikuwa tumeurudisha mferejini, kwa adabu.

Tulikwenda Ibra kesho yake. Mama yake Nasra, Bi Zayana, alitupokea kwa halua na kahawa, akamsikiliza Mkuu mpaka mwisho, kisha akauliza ikiwa kweli tumetoka Nizwa, njia yote ile, kwa ajili ya chura. Mkuu akasema kweli.

"Nasra kanambia mna mashine zinasoma mpaka damu. Na chura mmoja mumeshindwa kumshika?"

"Tulimshika, mama," Nasra akasema. "Nikamwachia."

"Kumbe ulimwachia. Sasa mwenzio kosa lake nini, hata mumrudie?"

Alitupeleka nyuma ya nyumba. Kaka zake Nasra walikuwa wameusakafia mfereji kwa saruji, kazi nzuri, imenyooka. Falaj yenyewe ilikuwa imepungua kwa ukame, na mitende ilikuwa ikinyweshwa kwa pampu. Vyura walikuwamo wachache, tukachukua kidole cha kila mmoja. Wote walikuwa wa tawi la kawaida.

Niliomba uhamisho kwenda Ibra. Wenzangu walidhani natafuta cheo. Mkurugenzi wa ofisi ya huko alikuwa mtu wa majalada, anayependa kila jambo lifungwe kabla ya sala ya adhuhuri. Aliniuliza kama vyura wamo Ibra. Nikasema wamo. "Basi andika wamo," akaniambia, na kwa upande wake utafiti ukawa umemalizika. Mimi nikaendelea. Kila bustani, kila kisima cha ng'ombe, kila dimbwi linalobaki wadi, mto wa msimu, ikikauka. Wenye mashamba walinizoea, wakaniita Abu Dhafadi', baba wa vyura, na mwanangu mkubwa alirudi siku moja kutoka skuli akitaka kujua kama jina hilo litamfuata mpaka kwenye pasipoti.

Kila Ijumaa baada ya sala Mkuu alinipigia simu. Alikuwa ameshastaafu, bila ya kuthibitisha alichotaka. Angeanza na hali ya hewa, kama mvua imenyesha Ibra au haikunyesha, halafu angeuliza. Nami ningesema sijampata. Hakunilaumu hata mara moja. Angesema labda tumkute wakati wa mvua kubwa, vyura hutoka wote, kisha angenipa salamu za nyumbani.

Baadaye nikahamishiwa Sur. Msimamizi wa pwani alikuwa mtu mchangamfu, na kwake kiumbe kilikuwa ni kobe wa baharini.

"Kobe analeta wageni, Khalfan. Chura wako ataleta nini?"

Nikamwambia nikimpata nitamuuliza. Siku za kazi nilimsaidia na kobe wake. Siku za mapumziko nilikwenda Jalan Bani Bu Ali na mabonde ya nyuma yake, nikamtumia Nasra vichupa, naye akanijibu. Jibu nililijua kabla ya kulisoma. Simu za Ijumaa zikawa fupi. Mwishoni Mkuu alikuwa akiwachanganya wajukuu, huyu anamwita kwa jina la yule, lakini chura hakumchanganya. Tulimzika Nizwa siku ya joto kali. Ijumaa iliyofuata nilikaa na simu mapajani kama mjinga.

Mwisho wa miaka ya elfu mbili na kumi ukafika na zamu yangu ya kustaafu. Nasra ndiye aliyekuwa Mkuu wa Maabara wakati huo. Aliniita Nizwa wiki yangu ya mwisho, akafunga mlango.

"Limebaki tone moja, kaka Khalfan. Sasa tunaweza kumsoma pande zote, wa baba na wa mama. Lakini litamalizika."

Nilimwelewa zaidi ya alivyosema. Ule upande wa mama peke yake unaweza kudanganya. Inawezekana zamani mno jike wa ukoo mwingine alichanganyika na vyura wetu, ukoo wake ukapotea wote, ukabaki huo uzi mmoja ndani ya mwili wa chura wa kawaida kabisa. Ikiwa hivyo, spishi tuliyoitafuta haikuwako, na mimi nilikuwa nimemalizia ujana wangu mitaroni kwa ajili ya kivuli. Tone likibaki kwenye friji, hakuna atakayeweza kuniambia hivyo.

"Na ukiliacha?"

"Litakaa mpaka nistaafu na mie. Nimuachie mwengine."

"Ami angefanya nini?"

"Ami angekuwa keshalitia mashineni, anatungoja tumalize chai."

Nilitazama nje. Kulikuwa na mtunza bustani akinyunyizia maua maji ya mpira. Nikamwambia Nasra amsome.

Alinipigia nikiwa nyumbani Izki, miguu imo kwenye tope la migomba. Alianza kwa salamu, watoto, mama watoto, miti, maji ya falaj, afya ya Bi Zayana, na kadiri salamu zilivyorefuka ndivyo nilivyozidi kuogopa.

"Ni wa peke yake," akasema mwisho. "Kwa baba na kwa mama. Hakuchanganyika na mtu."

"Na kichupa?"

"Kimekwisha, kaka."

Gharama ya simu ilikuwa yake, lakini hakukata.

Vijana huniuliza kama najuta kustaafu bila kuipa spishi hata jina. Jina silitamani. Ninachotamani ni siku moja ya zamani, ile Alhamisi ambayo Nasra alikuwa nyuma ya nyumba ya mamake, mfereji bado wa udongo, na mimi nisimame karibu nao kidogo tu. Elimu yote niliyonayo haiwezi kunipeleka pale.

Mvua ikinyesha upande wa Sharqiyah, nachukua gari nakwenda Ibra. Mke wangu alinivumilia mwaka wa kwanza bila kuuliza. Mwaka wa pili akanifungia chakula cha njiani, akaegemea mlango wa gari.

"Kibali cha kukata vidole hunacho, maabara hunayo," akasema. "Na wewe mwenyewe wasema sura zao ni moja. Sasa utamjuaje?"

Nikachukua chakula, nikawasha gari. Na kwa kuwa siwezi kumjua kwa sura, kila chura ninayemkuta nampigia magoti kwenye tope, namtazama kwa utaratibu, tangu pua mpaka mguu wa nyuma, kama ndiye.