Kaka Hakutaja Siku

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa, nilikuwa nafundisha neno "anxious" kidato cha pili, hapa Old Moshi. Nilieleza kwamba Mwingereza analitumia kwa mtu mwenye wasiwasi, na pia kwa mwenye hamu ya jambo hadi hatulii. Maneno yanayolifuata ndiyo yanayoonyesha maana. Nikawaambia watunge sentensi. Binti wa dawati la mbele akasoma yake: mwalimu wetu yuko hivyo tangu Jumatatu. Darasa likacheka.

"Kwa maana ipi?" nikauliza, kwa ukali usio na sababu.

"Sijajua, mwalimu. Unachungulia tu dirishani."

Nilimwambia akae. Hasira zangu ziko karibu, na ndizo zilizoniponza. Siku tunamzika baba, miaka mitatu iliyopita, nilimwambia kaka yangu mkubwa mbele ya ukoo mzima kwamba hakuja kuzika, alikuja kurithi. Aliondoka jioni ile ile. Tangu hapo kila Desemba Wachagga wanapanda kurudi nyumbani, yeye haonekani, na mama anakula Krismasi yake kimya. Safari hii alikuwa amempigia mama simu: anakuja mwezi huu. Siku hakutaja.

Nilitaka kumwomba radhi kwa jani la isale, kama wanavyofanya watu wa kwetu. Ukipewa isale, kukataa ni vigumu. Shida ni kwamba sikujua kusubiri. Kila asubuhi nilikata jani, nikalifunga fundo, jioni likawa limelegea, nikalitupa. Isale hizo ndizo zilizopandwa mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba na kahawa.

"Endelea tu kukata," mama akasema. "Majirani watasema tunahamisha mpaka."

Sikucheka. Nilikuwa naogopa kwamba atakuja, na naogopa kwamba hatakuja.

Alifika Jumamosi mchana. Nilikuwa nalisha ng'ombe. Nikamwona anakuja moja kwa moja bandani, nikachomoa jani la siku ile mfukoni.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. Aliliangalia jani, asilipokee.

"Yale maneno uliyasema mbele ya watu," alisema taratibu. "Hili unanipa huku nyuma ya banda?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Usiku ule sikulala hata kidogo.

Kesho yake baada ya ibada, ndugu walipokusanyika nyumbani, nilisimama kando ya kaburi la baba. Nikayarudia maneno yangu yote, neno kwa neno, ili kila mtu ajue ni yapi ninayoyafuta. Shangazi akainamisha kichwa. Nikampa kaka jani kwa mikono miwili.

Alilishika kwa muda, akapitisha kidole kwenye fundo.

"Marahaba," akasema.