Rixenda na Dinari Iliyoachwa Mtegoni

Kijijini kwao, juu ya bonde la mto Ariège, watu wanne walishonewa misalaba ya manjano, mmoja kifuani na mwingine mgongoni, kwa kosa la kuwalisha Watu Wema, wahubiri ambao Kanisa liliwaita wazushi. Watatu waliificha chini ya shali hata jua likiwaka. Rixenda Calvet, mjane, mfumaji wa sufu, hakuificha. Akifua gauni lake, alilianika upande wa barabarani. Kasisi alipomuuliza kama haoni haya, alimjibu, "Haya ya nini, Baba? Rangi mmechagua ninyi."

Sheria aliijua. Ukikamatwa mara ya pili hushonewi kitu. Unapelekwa Carcassonne, kwenye gereza wanaloliita Ukuta, na huko ni mkate na maji mpaka ufe.

Vuli ile dada yake Bruna alikuwa kitandani, miguu imevimba. Bruna ndiye aliyemlea Rixenda baada ya mama yao kufariki. Sasa alikuwa na haja moja tu: Mtu Mwema amwekee mikono kichwani kabla hajakata roho. Akiwekewa, roho yake ingeuacha mwili huu uliotengenezwa na yule mwovu na kurudi kwa Mungu wa kweli. Asipowekewa, ingeingia mwili mwingine, wa mtu au wa punda, ianze upya.

"Mimi sitaki kuanza upya," alisema Bruna. "Magoti ya safari hii yamenitosha."

"Huanzi. Kunywa maji."

Watu Wema walikuwa wamebaki wa kuhesabu kwa vidole, na wote wanasakwa. Rixenda alituma habari kwa wachunga kondoo. Siku ya tisa, asubuhi, aliingia mwuza sindano mmoja mwembamba, kikapu mgongoni. Rixenda alimtambua kwa vile alivyoukwepa mkono wake, maana watu hao hawamgusi mwanamke, kama wasivyogusa nyama. Akapiga magoti mara tatu.

"Tubariki, Mtu Mwema."

Jina lake lilikuwa Arnaut. Rixenda akamuuliza kama kuna aliyemwona njiani.

"Hakuna. Nimekutana na sungura tu, kwenye mtego, chini ya lile jiwe lililopasuka. Alikuwa hai, anarusha miguu. Nikamfungua." Kisha akaongeza, kama mtu anayetaka kusifiwa kidogo, "Na mwenye mtego nimemwachia dinari ya Toulouse, asipate hasara."

Rixenda akakaa chini.

"Wewe baba wewe! Ule ni mtego wa Pons."

Pons Azemar alikuwa msimamizi wa bwana wa ngome, na kukamata wazushi ndiyo kazi iliyomnenepesha. Pia alikuwa binamu ya marehemu mume wa Rixenda.

"Huenda ndani ya yule sungura mlikuwa na roho ya mtu," alisema Arnaut.

"Najua mlikuwa na roho! Ungemfungua ukaenda zako. Lakini dinari! Milima yote hii, nani anamwachia sungura halafu anamlipa mwenyewe, kama si Mtu Mwema? Si bora ungeacha jina?"

Arnaut akainamisha kichwa. "Niondoke?"

"Uondoke, na dada yangu yuko hivi? Nawa mikono. Anza."

Lakini jambo lile haliharakishwi. Kuna sala, kuna maswali, na mgonjwa lazima ajibu kwa kinywa chake. Bruna alikuwa akivuta pumzi kati ya neno na neno. Hawajafika mbali, sauti ikasikika kutoka njiani.

"Shemeji! We shemeji!"

Rixenda akatoka, akaurudishia mlango nyuma yake. Pons alikuwa na vijana wawili. Dinari ilikuwa kiganjani mwake.

"Leo mtego wangu umezaa fedha," alisema. "Mzushi yuko hapa kijijini. Nimeanzia kwako, maana wewe una alama."

"Umeanzia pazuri. Sungura nimemfungua mimi."

"Wewe? Wewe uliyekula nusu ya mwanakondoo wangu siku ya Pasaka?"

"Alikuwa mgumu. Ndipo nikatubu."

Vijana wakacheka. Pons hakucheka. Alimsogelea, akashusha sauti. "Rixenda, hii ni mara ya pili. Nipishe nitazame ndani, tuyamalize kifamilia."

Rixenda hakusogea. Akapaza sauti mpaka majirani wakatoka. "Sikieni ninyi wawili! Nasema mkate wa kasisi ni unga tu, na misalaba hii ni vitambaa tu. Haya, Pons. Umesikia. Utanikamata, au utanyamaza na wewe ushonewe?"

Vijana wale wakatazamana. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anaweza kwenda kusema.

Pons hakuwa na njia. Rixenda tayari alikuwa ameshika njia ya kuteremka, anayarudia yale yale kwenye kila mlango, nao wakalazimika kumfuata mbio. Kwenye kona ya kisima alikaa chini katikati ya njia, akagoma. Wakambeba. Alikuwa mzito, na hakuwasaidia hata kidogo.

Pons aliporudi kule juu, mwuza sindano hakuwepo.

Siku ya nne jirani yake Mengarda aliruhusiwa kumletea mkate kwenye mnara wa ngome, alikofungiwa.

"Bruna ametutoka alfajiri," alisema Mengarda. "Tangu awekewe mikono siku ile, maji matupu. Pons mwenyewe alimpelekea mchuzi wa kuku, akijua akionja tu baraka imeharibika. Bruna akabana meno kama kondoo anayekataa dawa."

"Hakuonja?"

"Hata tone."

Rixenda alilia kidogo. Kisha akaula mkate wote.

Mbele ya waamuzi wa Kanisa, karani alimwambia kwamba dada yake, kwa kufa mzushi, atafukuliwa achomwe.

"Fukueni," alisema. "Ardhi ya kule ni mawe, mtavunja majembe. Na mkifika chini mtakuta nguo tu. Mwenye nguo ameshaondoka."

Wakampeleka Ukutani. Kila Kwaresima walimuuliza sura ya yule mwuza sindano, wakimwahidi jua na nyama. Kila Kwaresima aliwajibu kwamba uso hakuuangalia, aliangalia sindano. Zilikuwa nzuri, akawaambia, nyembamba na hazipati kutu. Na kama wangependa, angewaeleza moja moja.