Mashine Isiyojua Msiba

Ndalahwa alipopunguzwa kazi kiwandani Nyakato mwaka 1994, kiinua mgongo chote alikitia kwenye mashine ya kusaga, akaileta kwetu Magu. Hakuwa na akiba nyingine. Kabla hajaiwasha, akaitwa semina Mwanza, siku tatu, chai na chapati bure. Huko mtaalamu mwenye tai, Bwana Venant, aliwafumbulia siri ya umaskini wa Mtanzania: anazika mno.

Akarudi na kibao: TUNASAGA SIKU ZOTE, HATA SIKU YA MSIBA.

Mimi jirani yake nilimwambia, "Futa hayo maneno, bwana."

"Hii ni biashara huria," alinijibu, kwa upole wa mtu aliyepewa cheti.

Haukupita mwezi, Mzee Chenge akafariki. Sisi tulichimba kaburi huku tukisikia mashine ikiunguruma. Wazee hawakugombana na Ndalahwa, walimtenga tu. Kwetu aliyetengwa haombi hata kaa la moto akapewa. Wanawake wakawa wanabeba mahindi kilomita nane kwenda kusaga kwingine, na mimi roho iliniuma, kwa kuwa mmoja wao alikuwa mke wangu. Wiki sita Ndalahwa alishinda mlangoni akifuta vumbi kwenye injini.

Mkewe, Rebeka, ndiye aliyechoka kwanza. "Watoto hawali chuma," alimwambia. "Peleka fahali kwa wazee."

Akakopa fahali kwa wakwe zake, akapeleka. Wazee wakala, wakafuta midomo, wakasema yamekwisha. Kibao kikawa kuni. Kesho yake foleni ilifika barabarani.

Siku hiyohiyo Bwana Venant alikuja kukagua matunda ya semina. Alifika kwa miguu, suruali imejaa tope, maana gari lake lilikuwa limezama mbugani. Kuona foleni akasahau tope, akatoa daftari.

"Mnaona?" alituambia. "Mkiweka mila kando, uchumi unakua."

Tulimpa kigoda, mgeni ni mgeni. Alikuwa bado anaandika mtu alipofika na habari kwamba mama yake Kashindye amefariki. Ndalahwa akazima injini, debe la mtu likiwa nusu. Hakuna aliyenung'unika. Wanawake wakajitwisha mahindi yao, nasi tukafuata majembe.

"Jamani, na gari langu?" aliuliza Bwana Venant. "Nani atalisukuma?"

"Sisi wote," alisema Ndalahwa, akimkabidhi jembe. "Tukishazika."