Siku Sanduku la Mama Lilipoongea Kizungu

Jamani, haya mambo mie niliapa sitayasema, maana nikikumbuka wale wamama wa mtaani walivyonitazama natamani ardhi ipasuke inimeze, lakini kwa kuwa mmeniganda kuniuliza mbona siku hizi sifundishi tena Kizungu pale nyumbani Keko, basi sikilizeni, ila mkicheka mcheke taratibu.

Zuhura ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka minane, analelewa na mama yangu kwa sababu kaka yuko Mtwara kikazi. Alikuwa anasubiri usaili wa kuingia shule moja ya inglishi midiam, na kaka alinipigia simu akasema, "Dada, mwanangu yuko mikononi mwako." Mie na kichwa changu kikubwa (nina diploma ya ualimu, basi nikajiona profesa) nikasema huyu simkaririshi salamu kama kasuku, huyu nitamfundisha kutunga. Nikabuni mchezo: chagua kitu chochote humu ndani kisichoweza kusema, kaa karibu nacho, jifanye wewe ndiye hicho kitu, uongee kwa Kizungu tu, na usitoke humo mpaka nipige makofi.

Alasiri hiyo umeme ulikatika, mashine za mafundi seremala huko nje zikanyamaza zote kwa mpigo, wingu limetanda, nyumba ikawa kimya mpaka unasikia bati likijinyoosha. Zuhura akaenda kukaa chumbani kwa bibi yake, mbele ya sanduku la uvunguni. (Hilo sanduku sie tumezaliwa tumelikuta na kufuli, na ufunguo wake mama huufunga kwenye pindo la khanga, hata akienda kuoga anaenda nao.) Nikamwambia safi, anza, nami nikatoka mara moja kununua sukari dukani kwa Mangi. Mara moja hiyo! Nikakutana na shoga yangu ana habari za harusi iliyovunjika, sasa nyie niambieni, habari kama hiyo unaiachaje katikati?

Narudi nakuta ndala za watu mlangoni na ubani unafuka mpaka barazani. Kumbe mama aliingia chumbani kutafuta miwani, akamwita mjukuu wake, mtoto akamjibu Kizungu, akamuuliza una nini, Kizungu, akamwambia acha mchezo, Kizungu tena, na macho hayapepesi. Mtoto ambaye asubuhi alishindwa hata kuomba maji kwa lugha hiyo! Mama akapiga yowe, majirani wakajaa, na Bi Salma, anayejua mambo ya mapepo, alikuwa ameshika chetezo akiuliza kwa heshima zote, "Karibu, mgeni. Jina lako nani? Unataka nini kwetu?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini, Mungu anisamehe, nilisimama mlangoni nikifurahia sarufi, maana sentensi zilikuwa zimenyooka.

"I am a box," Zuhura akasema, kwa sauti ndogo isiyopanda wala kushuka. "It is dark. I have a baby."

"Mwalimu, anasemaje?" Bi Salma akaniuliza.

Nami kwa kutaka sifa nikatafsiri kwa sauti, watu wote wasikie: "Anasema yeye ni sanduku. Ndani kuna giza. Ana mtoto mchanga."

Mama akaporomoka chini. Nikapiga makofi haraka haraka kumtoa mtoto kwenye mchezo, kumbe wale wamama wakadhani naanzisha ngoma ya kumpunga pepo, wakanipokea! Bi Salma akatia wimbo. Mie nazidi kupiga ili yaishe, wao wanazidi kuitikia, chumba kizima kinarindima, nalia huku napiga, na katikati ya vurugu ile Zuhura akasema kwamba mtoto halii. Hilo sikulitafsiri.

Mama akafungua pindo la khanga, akalivuta sanduku, akalifungua mbele ya watu wote. Makofi yakafa. Ndani mlikuwa na kipande cha khanga kilichofifia na kofia ndogo ya kufuma.

"Alikuwa binti yangu wa kwanza," mama akasema. "Hakufika arobaini."

Mie miaka yote nilijuaga tumezaliwa wawili tu, mie na kaka. Nilimsikia dada yangu kwa mara ya kwanza pamoja na mtaa mzima, na aibu niliyoisikia si ya makofi tena, ilikuwa ya kumvua mama yangu nguo hadharani.

Zuhura akapepesa macho. "Shangazi, mbona hukupiga makofi?" (Makofi yote yale, kumbe hakusikia hata moja.)

Tulimuuliza alijuaje, akasema hakujua, alikuwa anatunga tu. Labda bibi yake huweweseka usingizini, maana wanalala kitanda kimoja. Mie nimeshikilia hapo.

Siku ya usaili mwalimu alimuuliza jina lake kwa Kizungu, akarudia polepole, mtoto akabana midomo mpaka nafasi akapewa mwingine. Nilipomfikisha getini hasira zilikuwa zimenipanda.

"Zuhura, jina lako mwenyewe hulijui?"

"Nalijua, shangazi. Niliogopa atajibu yeye."

Sikumuuliza yeye nani, na sitamuuliza. Na Kizungu ndani ya nyumba ile sifundishi tena, anayekitaka aende twisheni.